Mbona Jiwe Halizami?

Swali lilikuja nilipokuwa nimeshika jiwe la saba au la nane. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando yangu, maji ya ziwa yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu ile sehemu ya mwisho isiyohesabika, jiwe linapogongagonga maji harakaharaka kabla ya kutoweka. Akanigeukia. "Mjomba, mbona halizami?"

Nilimjibu papo hapo. Nikamwambia maji yana utando mwembamba juu yake, ule unaowabeba wadudu wanaotembea kwenye madimbwi, na kwamba jiwe likipita kwa kasi halipati nafasi ya kuutoboa. Akakubali, akarudi kuokota mawe. Jibu hilo mimi nililipokea nikiwa na umri kama wake, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulipima. Jioni ile nikalipima. Si sahihi, na tangu hapo nimekuwa na hamu ya kulirekebisha, kwake na kwa yeyote aliyewahi kuambiwa hivyo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Utando huo upo kweli. Wanafizikia huuita mvutano wa uso wa maji, na kwa maji safi nguvu yake ni kama niutoni 0.072 kwa kila mita ya ukingo unaogusa maji. Chukua jiwe la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 10. Ukingo wake una urefu wa sentimita 31 hivi. Zidisha, utapata niutoni 0.02. Jiwe hilo likiwa na gramu 100, uzito wake ni karibu niutoni 1. Yaani utando wa maji, hata ukijitahidi kwa nguvu zake zote, unapungukiwa zaidi ya mara arobaini. Mdudu anabebwa kwa sababu ana miguu mirefu na mwili usio na uzito wa maana. Jiwe haliko katika mizani hiyo hata kidogo.

Basi linabebwa na nini? Na uzito wa maji yenyewe.

Aliyewahi kuruka majini akatua kwa tumbo anaijua fizikia hii kwa ngozi yake. Maji yale yale yanayopenya kati ya vidole ukiyachota kwa kiganja hukupiga kama sakafu. Hayakugeuka kuwa magumu. Ila ili mwili wako uingie, maji yaliyokuwa pale ni lazima yaondoke, nayo ni mazito: mita moja ya ujazo ina kilo 1,000. Kitu kizito hakihamishwi ghafla bila kumsukuma anayekihamisha. Ukiingia taratibu, maji yanakupisha. Ukiingia kwa kasi, yanakurudishia msukumo wako.

Sasa lione jiwe bapa likija kwa kasi, karibu limelala, ukingo wa mbele umeinuka kidogo. Linagusa maji kwa ukingo wa nyuma. Tumbo lake linayasukuma maji mbele na chini, na maji yanalisukuma jiwe nyuma na juu. Ile kani ya juu ndiyo inayolirudisha hewani. Ile ya nyuma ndiyo itakayolimaliza.

Kani hii hukua kwa mraba wa kasi, na hapo ndipo siri ilipo. Jiwe likienda mita 10 kwa sekunde, maji yanayokutana nalo yanatoa kanieneo, yaani kani kwa kila mita ya mraba, ya paskali 50,000 hivi. Hata kama sehemu iliyolowa ni sentimita tano tu za mraba, hiyo ni niutoni 25. Na tukipunguza sana kwa sababu jiwe linakutana na maji kwa ulalo, si kwa uso mzima, bado zinabaki niutoni kadhaa za kushindana na uzito wa niutoni moja. Lirushe jiwe hilo hilo kwa mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kasi imepungua mara kumi, kani imepungua mara mia. Robo ya niutoni haibebi jiwe. Linazama kama mawe yote.

Nilipoanza kusoma zaidi nikakuta kwamba swali la mpwa wangu lilishamsumbua mtu mwenye uwezo wa kulijibu sawasawa. Lydéric Bocquet, mwanafizikia wa Ufaransa, alilichukua swali hili baada ya kurusha mawe na mwanawe, na mwaka 2003 akachapisha makala yenye milinganyo ya kuvutia. Si kwamba alikuwa wa kwanza. Mtaalamu wa viumbe wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliandika kuhusu mawe yanayoruka juu ya maji mwaka 1765. Na kabla yake kwa karne nyingi, mwandishi wa Kilatini Minucius Felix aliwaeleza wavulana wakishindana kwenye ufukwe wa Ostia: wanachagua kigae kilicholainishwa na mawimbi, wanakishika kwa ulalo, wanainama chini kadiri wawezavyo, kisha wanakirusha kiambae juu ya maji. Anayefika mbali na kuruka mara nyingi ndiye mshindi. Nimesoma maelezo hayo mara kadhaa, na kila mara najikuta nikiinama kidogo kwenye kiti. Hakuna kitu cha kuongeza kwenye maelekezo yale. Wavulana wale walijua kila jambo isipokuwa sababu.

Kuna sehemu moja katika hesabu za Bocquet ambayo nataka kukaa nayo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilipende jambo hili badala ya kulielewa tu. Jiwe likizama kidogo, eneo lililolowa linaongezeka, na kani ya kulinyanyua inaongezeka nalo. Likizama zaidi, inaongezeka zaidi. Hiyo ni tabia ya springi: kadiri unavyoibonyeza ndivyo inavyokusukuma. Maji chini ya jiwe ni springi. Lakini ni springi ya ajabu, kwa maana ugumu wake unatokana na kasi ya yule anayeikanyaga. Ukija mbio, ni ngumu na inakurusha upesi. Ukija taratibu, ni laini na inakuchelewesha.

Fuata hatua moja zaidi. Jiwe lenye kasi maradufu linakaa majini kwa nusu ya muda. Kasi mara mbili, muda nusu: umbali ambao jiwe limeteleza likiwa limelowa unabaki ule ule! Katika mguso wa kwanza, jiwe likiwa na nguvu zake zote, na katika mguso wa ishirini, likiwa limechoka, linachimba mfereji wa urefu unaokaribiana. Na kwa kuwa nishati inayopotea hutegemea umbali huo, kila mguso hugharimu karibu kiasi kile kile. Nimezoea kuufikiria kama ushuru wa kivuko. Msafiri tajiri na msafiri maskini wanalipa sawa, na safari inakwisha pale mfuko unapokuwa mtupu.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona kwa namba. Jiwe la gramu 100 linaloondoka mkononi kwa mita 12 kwa sekunde lina nishati ya jouli 7.2. Tuseme kila mguso unachukua jouli 0.2. Litadunda mara 36. Ongeza kasi kwa nusu yake tu, hadi mita 18 kwa sekunde, na nishati inapanda zaidi ya maradufu, hadi jouli 16.2, yaani midundo 81. Hiyo ni karatasi, na ziwa si karatasi. Kuna upepo, kuna viwimbi, kuna mkono unaotetemeka. Lakini inaeleza kwa nini mtu anayerusha kwa nguvu kidogo zaidi ya mwenzake anamwacha mbali sana. Inaeleza pia ile sehemu ya mwisho ambayo mpwa wangu hakuweza kuihesabu. Kila mruko unakuwa mfupi kuliko uliotangulia, miguso inasongamana, na jiwe linamaliza akiba yake kwa hatua ndogondogo za haraka.

Kuhusu pembe, jibu lilikuja mwaka uliofuata. Christophe Clanet, Fabien Hersen na Bocquet walitengeneza mashine ya kurusha sahani ndogo za alumini, zenye kipenyo cha sentimita 5 hivi, wakazipiga picha kwa kamera ya kasi kubwa. Mashine iliwaruhusu kubadili jambo moja moja: kasi, mzunguko, mwinamo wa sahani, pembe ya njia yake. Mwaka 2004 wakatangaza namba ambayo sasa inajulikana na kila mpenzi wa mchezo huu: nyuzi 20 kati ya jiwe na uso wa maji. Katika mwinamo huo sahani ilikaa majini kwa muda mfupi kuliko katika mwinamo mwingine wowote, na ndipo ilipoweza kudunda hata kwa kasi ndogo kabisa, karibu mita 2.5 kwa sekunde. Ukililaza jiwe zaidi ya hapo, linakwama kwenye maji kwa muda mrefu. Ukilisimamisha zaidi, linasukuma maji mengi mno mbele yake na kumaliza kasi.

Naomba msomaji asichanganye pembe mbili hapa, maana nimeona zikichanganywa mara nyingi. Nyuzi 20 ni mwinamo wa jiwe lenyewe, ukingo wa mbele juu, wa nyuma chini. Pembe ya njia, yaani namna jiwe linavyoshuka kuelekea majini, ni jambo la pili. Ndiyo maana ya kuinama: mkono ukiwa chini, jiwe halina umbali mkubwa wa kuanguka.

Sasa, mwinamo huo unadumishwaje? Jiwe limeguswa na maji upande wa nyuma tu. Kani inayolinyanyua inapita nyuma ya kitovu chake, kwa hiyo kila mguso unajaribu kuinua mkia na kuzamisha pua. Jiwe lisilozunguka likiguswa mara moja tu, pua inashuka, na mguso wa pili unakuwa mbizi. Niliwahi kulijaribu hili kwa makusudi, nikirusha kwa kiganja bila kuzungusha kidole. Mawe kumi, na hakuna lililovuka midundo miwili.

Mzunguko unabadili kila kitu, kwa njia ile ile inayoiwezesha pia, kile kichezeo cha kuzungushwa, kusimama kwenye ncha. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakikubali mhimili wake ugeuzwe hivi hivi. Ukikisukuma upande mmoja, mhimili wake unasogea upande mwingine, kwa pembe mraba na msukumo, tena taratibu. Kwa hiyo lile kumbo linalotaka kuzamisha pua halifanikiwi. Linageuka kuwa mwinamo mdogo wa ubavuni. Bocquet alikadiria kwamba jiwe la kudunda mara 38 kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde linahitaji mizunguko 14 hivi kwa sekunde. Mizunguko hiyo yote inatoka kwenye kidole cha shahada, katika ule muda mfupi kabisa ambapo ukingo wa jiwe unajiviringisha kwenye ncha yake kabla ya kuondoka.

Ile namba 38 haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo rekodi aliyoitaja Bocquet, iliyowekwa na Jerdone Coleman-McGhee huko Texas mwaka 1992. Leo rekodi ni 88, ya Kurt Steiner, aliyoiweka Pennsylvania Septemba 2013. Midundo themanini na minane! Kuna pia wanaopima umbali badala ya idadi: katika mashindano ya kisiwa cha Easdale, Uskoti, watu hurusha vipande vya mawe kwenye shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji, na jiwe halitakiwi kuzidi inchi 3 kwa upana.

Hadi hapa nimesema juu ya vitu bapa. Kitu cha duara je? Tufe halina pua wala mkia, haliwezi kuinamishwa nyuzi 20 wala nyuzi ngapi. Hata hivyo tufe hudunda, ila kwa sharti gumu: ni lazima lije karibu sambamba na maji. Kuna kanuni ya kukadiria sharti hilo: gawanya 18 kwa kipeuo cha pili cha msongamano wa tufe ukilinganishwa na maji, utapata pembe ya juu kabisa kwa nyuzi. Kwa tufe la chuma jibu ni nyuzi sita na nusu hivi. Wapiga mizinga wa majeshi ya majini walilijua hili kwa macho karne nyingi kabla ya kanuni kuandikwa; walipiga risasi za duara chini chini, zikadunda juu ya bahari hadi kwenye ubavu wa meli ya adui.

Na hapo historia hii inageuka nzito, na sioni haki ya kuiruka. Mwaka 1942 mhandisi Mwingereza Barnes Wallis alikuwa akitafuta njia ya kubomoa mabwawa makubwa ya Ujerumani. Nyavu za chuma zilizuia topido, yaani makombora yanayosafiri chini ya maji. Alianza na gololi za watoto juu ya beseni la maji nyumbani kwake, akitazama zinavyoruka, akaishia na bomu la umbo la pipa la zaidi ya tani nne, likizungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa na ndege. Mzunguko huo wa kinyume ulisaidia kulinyanyua, na lilipofika ukutani ulilifanya lishuke likiwa limegandamana na ukuta wa bwawa hadi kina cha mita 9 hivi, ndipo likalipuka. Marubani walitakiwa kuruka mita 18 tu juu ya maji, usiku. Ili kuupata urefu huo walifunga taa mbili chini ya ndege, zilizoelekezwa ili miale yake ikutane juu ya maji pale tu urefu unapokuwa sahihi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 mabwawa ya Möhne na Eder yalibomoka. Ndege 19 ziliondoka, 8 hazikurudi, na watu 53 wa ndege hizo walikufa. Chini ya mabwawa, mafuriko yaliua watu zaidi ya elfu moja, wengi wao mateka na wafanyakazi waliolazimishwa kutoka nchi nyingine. Kila ninapolifikiria lile beseni na zile gololi naona uchungu. Springi ya maji ni ile ile. Haijui kilichomo ndani ya kinachodunda.

Tufe linaweza kushinda sharti lake la pembe kwa njia nyingine, nayo ni kuwa laini. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Tadd Truscott, lilionyesha kwa kamera za kasi kwamba mpira mlaini ukigonga maji hubonyea na kuwa kama sahani, tena sahani iliyoinama kwa mwinamo unaofaa. Mpira unajitengenezea umbo la jiwe bapa kwa muda wa mguso, kisha unarudi duara hewani. Nimeitazama video ya jambo hilo zaidi ya mara ishirini.

Wala umbo bapa halina haki miliki. Mwaka 2023 Ryan Palmer na Frank Smith, wanahisabati wa Uingereza, walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba jiwe zito, ambalo likiwa bapa lingezama, linaweza kurushwa juu likiwa na tumbo la mviringo wa kutosha. Linaingia ndani zaidi, linakaa muda mrefu zaidi, kisha linatupwa kwa mruko mmoja mkubwa. Shabaha ya kazi hiyo haikuwa ufukweni. Walitaka kuelewa vipande vya barafu vinavyogonga tabaka la maji kwenye mbawa za ndege, kama vitadunda au vitanasa.

Nilirudi ziwani na mpwa wangu wiki tatu baada ya lile jibu la kwanza. Nilimwambia kwamba nilikosea. Nikamwambia aweke kiganja chake majini na akisukume mbele, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, vidole vikiwa vimeinuka kidogo. Akafanya hivyo mara kadhaa bila kusema neno. "Kinapanda," akasema. Hakuuliza tena kuhusu utando.

Kisha nikampa kazi ya kutabiri. Ule mwinamo wa ubavuni unaoletwa na mzunguko hujikusanya mdundo baada ya mdundo, ndiyo maana njia ya jiwe hupinda kuelekea mwisho. Upande linakopindia hutegemea upande linakozunguka. Mimi narusha kwa mkono wa kulia, na mawe yangu yalikuwa yakipinda upande mmoja asubuhi yote. Yeye hutumia mkono wa kushoto. Nikamuuliza la kwake litaelekea wapi. Akafikiri, akachora duara hewani kwa kidole, akaonyesha upande wa pili.

Akainama, akarusha. Midundo mitano, pengine sita. Tulisimama tukitazama miduara ikipanuka juu ya maji, mkubwa, mdogo, mdogo zaidi, mstari wake ukikunja polepole kuelekea kule alikoonyesha, hadi miduara ya mwisho ikaingiliana na hatukuweza tena kuitofautisha. Alikuwa ameshaanza kutafuta jiwe jingine.